Likizo ya Agosti na Daftari la Matumizi

Katika nchi za Ulaya mwezi wa Agosti ni mwezi wa jua. Watu wa maofisi hupewa ruhusa, hufunga nyumba zao kwa kufuli, huwachukua watoto wakaenda kukaa pwani wiki mbili au tatu. Katika Kenya mambo ni kinyume. Agosti ni wakati wa baridi huko Nairobi na Limuru, shule hufungwa baada ya muhula wa pili, na mtu wa mshahara apatapo likizo yake mara nyingi hurudi kwao, mahali ambapo mkewe na watoto na wazee wake huishi mwaka mzima bila yeye. Wapo waendao Mombasa kuogelea, wala hawana lawama, lakini habari hii si yao.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema ya kuwa kila miezi 12 ya kazi mwajiriwa apewe likizo isiyopungua siku 21 za kazi pamoja na mshahara kamili. Karani mwenye busara huzigawanya siku hizo kama nyama iliyo haba: wiki moja Agosti, wiki moja Desemba, na zile zinazobaki huwekwa kwa ajili ya misiba, maana msiba hautazami kalenda. Kwa hiyo wiki ya Agosti ni fupi, na mambo yanayongojewa ndani yake ni mengi. Baba ataka kupumzika. Watoto wamtaka baba. Mama watoto ataka mtu wa kushika kazi ya mavuno. Tena, mara nyingi, lipo neno la fedha lililokwisha kusemwa nusu nusu kwa simu, na kila mmoja angoja kulimaliza ana kwa ana.

Ndivyo ilivyokuwa kwa karani mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru. Kwao ni upande wa Kakamega, katika shamba la ekari moja na nusu, na humo wamo mkewe, watoto wao wanne, na mama yake mzazi, ambaye sasa ni mzee. Kila mwisho wa mwezi karani huyu hupeleka nyumbani shilingi 12,000. Zamani baba yake alipokuwa akifanya kazi ya reli alipeleka fedha kwa hundi ya posta, na barua ndefu pamoja nayo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 fedha hufika kabla mtu hajarudisha simu mfukoni, ila barua imekufa. Fedha zafika peke yake, na maneno yanayofuata ni machache: "Umepata?" "Nimepata. Asante." Basi.

Mwezi wa Julai mkewe alimwomba shilingi 6,000 zaidi kwa ajili ya mavuno. Karani akaona ni nyingi. Akapeleka 3,000, akaongeza maneno ambayo hayakuwa matamu: kwamba shamba la ekari moja na nusu halipaswi kula fedha kama shamba la mzungu wa Kitale, na kwamba atakapokuja Agosti angependa kuliona daftari la matumizi. Mkewe akajibu, "Karibu, daftari lipo." Moyoni mwake karani alikuwa amekwisha kata shauri ya kuwa ng'ombe auzwe, kwa kuwa ng'ombe mmoja anayehitaji majani, dawa na mtu wa kumkamua hawezi kuwa na faida. Alikuwa amepiga hesabu hiyo akiwa Nakuru, juu ya kipande cha karatasi ya risiti.

Akafika nyumbani Jumamosi jioni kwa njia ya Kapsabet, na siku mbili za kwanza zilipita kama zipitavyo siku za mgeni. Kuku akachinjwa. Majirani wakaja kusalimu. Jumapili watu wakaenda kanisani, karani akavaa koti lake, na watoto wakatembea karibu naye ili waonekane. Mtu akirudi Jumatatu asubuhi baada ya siku mbili kama hizo, atasema kwa haki kabisa kwamba nyumbani kwake hakuna kazi nyingi.

Lakini Jumatatu hiyo hakurudi. Aliamka saa kumi na mbili asubuhi, saa yake ya kawaida ya mjini, akidhani ya kuwa yeye ndiye wa kwanza. Akatoka nje na kukuta siku imekwisha fika mbali. Moto ulikuwa umewaka na uji umekwisha iva. Ng'ombe alikuwa amekamuliwa, na maziwa yamekwisha kwenda barabarani kungojea mnunuzi. Mitungi minne ya maji, kila mmoja wa lita 20, ilikuwa imesimama mlangoni, nayo chemchemi iko bondeni, na mwenye mtungi kichwani hupumzika mara mbili akipanda. Mama yake alikuwa amekwisha pata maji ya moto ya kuoga. Mkewe alikuwa ameinama uani akitandaza mahindi juu ya turubai.

"Umeamka saa ngapi, Mama watoto?"

"Saa kumi na nusu. Leo nimechelewa kidogo, kwa sababu yako."

Karani wa ghala ana ugonjwa mmoja usiopona: akiona kitu huandika. Huyu naye akachukua kalamu, na katika kurasa za nyuma za lile daftari la matumizi akaanza kuandika saa, na mbele ya kila saa kazi iliyofanywa. Haikuwa kwa wema, tuseme kweli. Alitaka kuona wapi muda unapopotea. Jumatatu akaandika mistari kumi na tisa. Jumanne, ishirini na mitatu. Jumatano alipoona ya kuwa kazi mbili au tatu hufanywa kwa wakati mmoja, mtoto mgongoni na mwiko mkononi na jicho kwenye mahindi, akaona mistari haitoshi, akaacha kuandika.

Mambo haya si ya nyumba moja. Ofisi ya Takwimu ya taifa ilipopima matumizi ya muda katika Kenya mwaka 2021, ilionekana ya kuwa mwanamke hutumia zaidi ya saa nne kila siku kwa kazi za nyumbani na za kutunza watu zisizo na malipo, na mwanamume hafikishi saa moja. Hesabu hiyo imechanganya wa mjini na wa shamba, wenye mfereji nyumbani na wenye chemchemi bondeni. Mwenye chemchemi bondeni hahitaji kuambiwa yuko upande gani wa hesabu.

Kazi iliyokuwa na hatari kuliko zote wiki hiyo ilikuwa ya mahindi. Upande wa Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mara nyingi hunyesha alasiri, baada ya asubuhi yenye jua zuri la kumdanganya mtu. Mahindi ya msimu mrefu hukomaa wakati huo huo wa Agosti, yakavunwa yakiwa bado na maji ndani. Yasipokaushwa upesi huota kuvu, na kuvu hutoa sumu ambayo haionekani wala haiishi kwa kupikwa, nayo hula ini. Mwaka 2004 katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani watu 317 waliugua kwa sumukuvu, na 125 wakafa. Walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani mwao wenyewe. Tangu wakati huo mtu mwenye watoto hawezi kuyatazama mahindi yenye unyevu kwa moyo mtulivu.

Kwa hiyo mahindi hutandazwa asubuhi juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu. Hugeuzwa kila baada ya muda. Na wingu likitokea huingizwa ndani mbio. Jumanne saa nane wingu lilitokea. Karani alikuwa ameketi chini ya mwembe akisoma gazeti. Aliona mkewe akitupa jembe, binti akitoka jikoni, mtoto wa miaka sita akikimbia na ungo, hata mama yake mzee ameshika pembe ya turubai, wote bila kuitana, kama askari waliozoea tarumbeta. Akainuka naye akashika pembe ya nne. Mahindi yaliingia, na tone la kwanza likaanguka mgongoni mwake. Mtoto wa miaka sita akamtazama akasema, "Baba, kumbe na wewe unajua!"

Usiku ule mkewe alichukua chupa kavu ya kioo, akatia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, akafunga, akatikisa, akaiacha itulie robo saa. Njia hiyo alifundishwa na bibi shamba. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana unyevu zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuwekwa. Ikibaki chini kama ilivyotiwa, ni makavu. Chumvi iligandamana. Mama mzee, ambaye hakutazama chupa, alitia punje moja katika jino lake lililobaki zuri, akaiuma, akasikiliza, akasema, "Bado siku mbili." Bibi shamba na jino la mzee walikuwa wamepatana. Karani akauliza turubai imetoka wapi, maana hakumbuki kuinunua. Akaambiwa imenunuliwa kwa zile shilingi 3,000 za Julai, pamoja na magunia yasiyopitisha hewa. Na vibarua wa kuvuna je? Hawakuajiriwa. Wanawake sita wa kijiji walivuna mashamba yao kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mkewe bado alikuwa na deni la siku mbili za kulipa katika mashamba ya wenzake.

Jumatano jioni aliomba sasa alisome lile daftari kurasa zake za mbele. Liliandikwa na binti yao wa miaka kumi na mitatu kwa mwandiko wa shule, mama akisema na mtoto akiandika. Chumvi. Sabuni. Kalamu na vitabu. Dawa ya ng'ombe. Katika upande wa mapato aliona jambo lililomtuliza ule mpango wake wa kuuza ng'ombe: maziwa ya kila siku, yaliyopunguzwa ya watoto na ya mzee, yalilipa vitabu vyote vya shule, sare mbili, na samadi isiyoandikwa popote ilikuwa imelisha mahindi yale yale yaliyokuwa yakikauka. Akageuza karatasi. Mwezi wa Mei ulikuwa na mistari ambayo hakuielewa. "Kuku saba, wameuzwa." Chini yake: "Nauli ya pikipiki, hospitali." Tena: "Dawa, nyanya." Tena: "Nauli, kurudi."

Akauliza. Mkewe akaendelea kuchambua mboga.

"Mama alipata homa ya mapafu. Alilala hospitali siku tatu."

"Nawe?"

"Nililala naye. Nani angelala naye?"

"Na hapa nyumbani?"

Mkewe akamwonyesha binti kwa kidevu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu ndiye aliyekamua ng'ombe siku hizo tatu, akawapikia wadogo zake, akawapeleka shule, na yeye mwenyewe akafika shule amechelewa akapewa adhabu, wala hakueleza kwa nini.

"Lakini mimi nilipiga simu mwezi wa Mei. Nilizungumza na mama. Aliniambia hamjambo nyote."

"Alikuwa kitandani pale hospitali alipokuambia. Alisema usisumbuliwe. Kodi ya chumba chako ilikuwa imepanda mwezi ule, ulituambia mwenyewe, ukatuma fedha pungufu. Tulijua uko na mwezi mgumu, Baba watoto."

Hakuna lililosemwa zaidi. Mama mzee, aliyekuwa akisikia yote kutoka kitini pake, alisema mboga zisiachwe ziive sana.

Yafaa hapa kusema neno juu ya shukrani yenyewe, maana watu wengi hudhani ni jambo la ulimi. Kiswahili kina desturi njema: apitaye njiani akamkuta mtu analima humwambia, "Pole na kazi," naye hujibu, "Asante, nimekwisha poa." Mgeni asiyejua hata jina la mkulima husema hivyo. Mjini karani humwambia mlinzi wa mlango pole na kazi, humwambia mama auzaye chai. Ila ni nyumba chache ambazo mume humwambia mkewe maneno hayo, akimkuta na mtungi kichwani. Kana kwamba kazi ikifanywa na mtu wa nyumbani huacha kuwa kazi ikawa kama mapambazuko, jambo linalotokea lenyewe. Tena si wanaume peke yao. Mama mwenyewe hasemi pole kwa binti aoshaye vyombo, na binti hasemi kwa nduguye mdogo afungaye mbuzi. Huwezi kumshukuru mtu kwa jambo usilojua kuwa limefanyika, na wiki ya likizo ina faida hii moja kubwa kuliko kupumzika, kwamba mtu hukaa mahali pamoja mchana kutwa na kuona mambo yakifanyika.

Hatari yake ni kwamba mwanamume aliyeguswa moyo anaweza kufanya mambo ya ajabu siku nne, akasifiwa, kisha akapanda gari. Karani naye alianza hivyo. Alhamisi aliamka saa kumi na moja akashika mtungi kwenda chemchemini. Wanawake walimpisha njia wakicheka kwa heshima. Mzee mmoja wa jirani alimwuliza kama mkewe ni mgonjwa. Alirudi amelowa bega moja, na mtungi umepungua robo. Mkewe akamshukuru, kisha akasema maneno ambayo pengine yalikuwa na thamani kuliko likizo nzima: "Ni vema. Lakini Jumatatu utakuwa Nakuru, nami nitakuwa hapa na mitungi sita ya kila siku."

Ndipo alipotazama paa. Mtu huyu huuza mifereji ya bati kila siku ya Mungu. Ajua bei yake kwa futi, ajua vishikizo vyake, ajua wateja gani hununua na wa wapi. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na paa zuri la bati tangu miaka minane, na maji yote ya Kakamega yalikuwa yakitoka humo na kuchimba shimo uani. Akachukua kalamu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja mraba ni lita moja ya maji. Hesabu hii ni nyepesi, na kila mwenye bati apaswa kuijua. Upande mmoja wa paa lake ulikuwa na urefu wa mita 8 na upana wa mita 3, yaani mita 24 za mraba. Mvua ya alasiri moja ikiwa milimita 10, upande ule peke yake hutoa lita 240. Hata akitoa zile zinazomwagika na kuruka, hazipungui lita 200, ambazo ni mitungi 10. Mkewe alikuwa akipanda lile bonde na mitungi sita kwa siku, na mvua hii hii ndiyo iliyokuwa ikimkimbiza na mahindi kila alasiri.

Kulikuwa na fedha alizokuwa akikusanya kwa ajili ya simu mpya. Ijumaa asubuhi alikwenda mjini Kakamega pamoja na mwanawe wa miaka kumi, akanunua mifereji, vishikizo, na pipa la lita 200 lililokuwa safi, ambalo halikupata kutiwa dawa wala mafuta. Njiani alimwuliza mtoto anasoma nini shuleni, akapata habari ndefu kuliko zile alizowahi kupata kwa simu katika mwaka mzima: juu ya mwalimu wa hesabu, juu ya sungura anaowafuga kwa siri nyuma ya choo, na juu ya Mei, nyanya alipokuwa hospitali, na jinsi dada alivyowapikia ugali uliokuwa mbichi katikati nao wakaula wote ili asilie. Walipofika nyumbani walitengeneza ngazi, mtoto akashika misumari, na kazi ikaendelea hata saa nane. Mferej wa kwanza ulipinda kidogo. Mkewe akausahihisha kwa jicho tu, akiwa amesimama chini na kugeuza mahindi: "Inua huko kwako. Maji hayapandi mlima."

Mahindi ya kwanza yalikuwa yamekauka. Chumvi ilibaki chini ya chupa, na jino la mama lilipiga kelele iliyotakiwa. Magunia manne yakafungwa na kuwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta.

Saa tisa wingu likaja. Yaliyobaki uani yaliingizwa ndani, na safari hii pembe ya nne ya turubai haikungoja mtu. Kisha wote wakasimama chini ya ukingo wa nyumba wakitazama mfereji. Kwa muda maji yalichelewa, karani akaanza kukunja uso. Halafu yakaja kwa sauti kubwa ndani ya pipa tupu, na watoto wakapiga makofi. Haikupita nusu saa pipa likajaa likamwagika. Mama mzee aliomba aletewe kikombe aonje, akasema yana ladha ya bati, akaambiwa ya kwanza huwa hivyo, ni ya kuoshea, akasema hata hivyo yeye hakuyafuata bondeni.

"Pole na kazi, Mama watoto," karani akasema.

Mkewe alimtazama kama mtu aliyesikia redio ikitaja jina lake. "Nimekwisha poa," akajibu. Kisha akamwita binti alete daftari. Binti akaketi mlangoni, akapiga mstari kwa rula, akauliza aandike nini.

"Andika mifereji. Andika na pipa. Weka bei zake zote vizuri," akasema mama yake, "maana baba yako akija Desemba atataka kuona."